Mwaka Ulioandikwa Kwenye Chupa

Faili la Yuditha Mosha lilikuwa limeshafungwa kwa uzi, tayari kwenda mahakamani kesho yake asubuhi, lakini Inspekta Mektrida Massawe alikuwa amelifungua tena na kulitandaza mezani kama mtu anayechambua maharage.

"Afande, hicho si kitabu cha nyimbo," alisema Sajenti Tito, andazi likiwa bado shavuni. "Jana umekisoma, juzi umekisoma. Leo unatafuta kiitikio?"

"Natafuta zabibu."

Tito akaacha kutafuna.

Mektrida akamsogezea karatasi ya mkemia, ya vitu vilivyokutwa tumboni mwa marehemu. Mambo yenyewe kila mtu mjini Moshi alikuwa anayajua, maana habari ya kijijini Mwika hufika sokoni kabla ya mikungu ya ndizi. Mzee Eliezeri Mlay, aliyepandisha wageni mlimani miaka thelathini na minne, alikufa nyumbani kwake kwa sumu ya kupulizia kahawa. Jioni ile Yuditha, jirani anayepika pombe ya mbege, alikuwa amempelekea kidumu chake cha lita moja kama ilivyokuwa kila jioni. Kata alilonywea lilikutwa limeoshwa likang'aa. Pamela, binti wa marehemu, aliapa kwamba baba yake hakutia kinywani kitu kingine. Tena wiki moja kabla, ng'ombe wa Yuditha alikuwa amekula masale, mimea ya kuonyesha mpaka, na Mzee akamtukana Yuditha mbele ya watu. Kesi ikajipika yenyewe. Mektrida ndiye aliyemkamata Yuditha, kwa mikono yake hii, na leo ilikuwa siku ya kumi na mbili mama huyo analala sakafuni.

"Soma hapo chini," alisema Mektrida.

"Sukari nyingi. Kilevi. Tindikali ya..." Tito akainua macho. "Ya zabibu."

"Mbege ni ndizi na ulezi. Umewahi kuona mama wa Mwika anatia zabibu kwenye mbege?"

"Mimi ni Mpare, afande. Mbege nainywa, jikoni kwake sijaingia."

"Basi twende kwa marehemu, kwenye ile divai yake. Akishasomewa mauaji kesho, dhamana hakuna. Atakaa rumande mpaka tumsahau. Washa gari."

Nyumbani kwa marehemu migomba ilikuwa imefunika mpaka dirishani. Uani walikuta viti vya msiba bado vimepangwa, na katikati yake Jackson, kitinda mimba wa Mzee Eliezeri, amevaa miwani ya jua chini ya kivuli. Alikuwa anaongea na watu wawili walioshika futi ya kamba.

"Afande, karibuni. Samahani, tunaangalia angalia mipaka."

"Mzee ana siku ngapi kaburini?"

"Tisa," alijibu Jackson, bila aibu. "Mimi Dar nina biashara, sina muda wa kukaa. Miaka tisa sijafika huku, kuna mambo ya kuweka sawa."

Pamela akatoka ndani akijifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mrefu, mwenye sura ya mtu aliyezoea kuamka kabla ya jogoo. Majirani walimwonea huruma kuliko walivyomwonea marehemu. Yeye ndiye aliyemwogesha baba yake, akamlisha, akamkamulia ng'ombe, kisha akawahi kazini mjini katika ofisi moja inayopokea wageni wa mlima.

"Karibuni ndani, dada. Chai ipo."

"Chai baadaye. Nionyeshe tena ile divai."

Kabati lilikuwa la mninga, na ufunguo wake Mzee alikuwa akiuvaa shingoni pamoja na msalaba. Pamela alifungua. Ndani, juu ya sweta kuukuu la mlimani, ililala chupa moja nyembamba kama fimbo ya mchungaji, divai ndani yake ya rangi ya asali, na kizibo chake kimefungwa na lakiri nyekundu isiyoguswa.

Kila mtu Mwika alikuwa anaijua hadithi ya chupa hiyo, maana Mzee Eliezeri aliwachosha nayo harusini, msibani na kwenye foleni ya maziwa. Mgeni wake mmoja wa Kanada, mwenye shamba la mizabibu, alimwalika kwao. Huko zabibu haziondolewi zikiiva. Zinaachwa mtini mpaka baridi izigandishe zikawa ngumu kama gololi, ndipo zinachumwa alfajiri na kukamuliwa zikiwa barafu hivyo hivyo, zitoe tone dogo la utamu. Mzee alizichuma kwa vidole vyake, Januari ya mwaka elfu mbili kumi na tisa. Mwaka uliofuata mgeni akamtumia chupa mbili. Moja ilinyweka kwenye sherehe, na ya pili akasema haitafunguliwa mpaka siku atakayomkabidhi Jackson kihamba, shamba la ukoo.

Mektrida akaisogeza chupa dirishani. Mbele kwenye karatasi, kwa tarakimu za dhahabu: 2019. Ukutani ilining'inia picha ya Mzee kwenye theluji, ameshika kichala kilichoganda, na tarehe pembeni: 21 Januari 2019.

"Vinaelewana," alinong'ona Tito. "Hii ni ya kwake, na haijafunguliwa. Zabibu za tumboni zimetoka kwingine."

"Barua ya mgeni bado ipo?" aliuliza Mektrida.

Pamela akaitoa chini ya sweta. Ilikuwa fupi, ya Februari 2020. *Rafiki Eliezeri, hizi chupa mbili ni za zabibu ulizochuma nasi Januari ya mwaka jana.*

"Niliwaambia tangu mwanzo," alisema Pamela kwa upole. "Baba alikunywa mbege ya mama Yuditha. Sipendi kusema, yule mama kanilea."

Mektrida akaiazima chupa na barua, akatia saini kwenye daftari, wakatoka. Tito akapiga mluzi wa kukata tamaa. "Afande, tumepoteza dizeli ya serikali. Pengine mzee alikunywa soda."

"Soda haina kilevi. Nani mwingine alikunywa ile chupa ya kwanza?"

"Nusu ya Mwika, nadhani."

Nusu ya Mwika ilikuwa ni watu arobaini, na mwenyeji wao alikuwa Bibi Justina, kiambaza kwa kiambaza na marehemu. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mpimaji wa kahawa katika chama cha msingi, na mpaka leo akimwangalia mtu humtazama kama gunia, anakisia kilo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kumfunga Yuditha kumekula nyama yako. Kaa! Na wewe mrefu kaa, nyumba yangu haijawahi kupokea mtu akiwa wima." Akapaza sauti kuelekea jikoni, vikombe vikaanza kugongana. "Ilinyweka hapa, ndiyo. Harusi ya mwanangu Jesse. Eliezeri akaifungua kwa maombi ya dakika kumi, tukanyweshwa kijiko kijiko kama dawa ya kikohozi. Tamu, aisee! Mchungaji alirudi kwenye mstari mara mbili akidhani sijamwona."

Chai ikaja. Sukari ilikuwa imeisha, kwa hiyo Bibi Justina akanyoosha mkono rafuni na kuteremsha asali.

Mektrida alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani.

Asali ilikuwa ndani ya chupa nyembamba kama fimbo ya mchungaji.

"Bibi, hii umeipata wapi?"

"Si ndiyo yenyewe? Chupa nzuri hivi nitupe? Nimeweka asali tangu siku ya harusi."

Karatasi ilikuwa imepauka na kunata, lakini jina la shamba lilikuwa lile lile, na tarakimu za dhahabu zilisomeka bila miwani: 2018.

Tito akaweka chupa ya kabatini kando yake. Mapacha, ila mmoja alizidi mwingine mwaka.

"Basi hiyo ya asali siyo," alisema Tito haraka. "Mzee alichuma kumi na tisa. Hiyo ya kumi na nane ni ya watu wengine, mgeni alichanganya."

"Achanganye vipi?" Bibi Justina alimkatiza. "Zilikuja kwenye boksi moja, nimeziona kwa macho haya."

"Lakini mwaka, bibi! Zabibu zimechumwa Januari kumi na tisa, zitaandikwaje kumi na nane?"

Bibi Justina akamtazama Tito kwa muda, akikisia kilo. Kisha akacheka, kicheko kikavu cha mtu wa mizani.

"Wewe mtoto, kwenu hamlimi kahawa? Sikiliza. Kahawa tunaanza kuchuma mwezi wa saba, sivyo? Sasa zile zilizoko juu kabisa kwenye baridi zinachelewa. Mtu ananiletea debe la mwisho Januari, mwaka mpya umeshaingia, pilau ya sikukuu imeshachacha. Nikiandika, debe hilo ni la msimu gani?"

"Wa... Januari?"

"Wa nyuma! Ule uliochanua na kulea hizo punje. Mti hausomi kalenda ya ukutani. Ningemwandikia mtu kahawa ya Januari kwenye msimu unaokuja, meneja angenifukuza. Na hao wazungu na zabibu zao watakuwa hivyo hivyo. Zimechanua kumi na nane, zimenenepa kumi na nane, zimekaa mtini kungoja barafu tu. Mkono wa Eliezeri ndio uliochelewa, zabibu hazikuchelewa."

Mektrida alikuwa ameshageuza chupa ya asali. Nyuma, chini ya alama za vidole vya wajukuu, kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Akayasoma kwa sauti, akiyageuza kwa Kiswahili neno kwa neno: zabibu za mavuno ya 2018, zimechumwa zikiwa barafu tarehe 21 Januari 2019.

"Tarehe ya picha," alisema Tito.

Akageuza ya pili, ile ya kabatini. Mavuno ya 2019, zimechumwa tarehe 17 Januari 2020.

Hakuna aliyegusa chai.

"Barua ni ya Februari 2020," alisema Mektrida. "Divai haikamuliwi leo ikatiwa chupani kesho. Na inasema wazi, zabibu za Januari ya mwaka uliotangulia. Hii haikutoka kwenye boksi lile, Tito. Hii imekuja baadaye, imewekwa na mtu anayejua hadithi ya Mzee kwa masikio tu."

"Jackson?" Tito aliuliza. "Yule wa futi ya kamba?"

"Ndiye wa kwanza niliyemfikiria. Lakini Jackson alikuwa anangoja kupewa. Angengoja tu." Akatoa simu. "Nani Moshi hii anaweza kuagiza chupa Kanada ikaletwa mpaka mlangoni?"

Alipiga ile ofisi ya wageni wa mlima alikofanya kazi Pamela, akapokelewa na dada mmoja wa mapokezi aliyeitwa Kindness, mwenye sauti ya mtu aliyekosa wa kuongea naye tangu asubuhi. Mektrida hakuhitaji hata kuuliza mara ya pili.

"Chupa? Eeh, mbona tulimcheka sana dada Pamela! Mgeni kaja mwezi wa sita, kamletea chupa kaifunga ndani ya soksi ya kupandia mlima. Tukamwambia fungua tuonje, akasema ni ya baba yake, anamfanyia sapraizi. Alimwandikia yule mzungu kabisa, shamba fulani, na mwaka fulani, akasisitiza mwaka usikosewe. Masikini, na baba mwenyewe hakuwahi kuinywa. Afande, kuna tatizo?"

"Hakuna, mdogo wangu. Andika hayo yote kwenye karatasi, usimwambie mtu."

Alijua anaomba lisilowezekana. Ndiyo maana walirudi mbio kwa marehemu kabla Kindness hajaweka simu chini vizuri.

Pamela aliwakuta sebuleni, trei ya chai mkononi. Aliona chupa mbili zimesimama mezani, akaiweka trei polepole sana, bila kijiko kulia.

"Lile boksi la Kanada," alisema Mektrida, "lilifunguliwa na nani?"

"Mimi. Baba alikuwa hawezi kukata gundi."

"Chupa zote mbili zilitoka humo?"

"Ndiyo."

"Na baada ya hapo?"

"Baba akafungia hii kabatini. Ufunguo hakumwachia mtu mpaka anakufa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Mimi nilikuwa na ufunguo wa zizi."

Mektrida akazigeuza chupa zote mbili, migongo kwake Pamela, akaweka kidole kwenye maandishi madogo, kwanza ya ile, kisha ya hii. Pamela alikuwa anaongea na Wakanada kila siku ya kazi, hakuhitaji mkalimani. Alisoma. Akarudia kusoma. Tito akasogea akasimama mlangoni.

"Kumi na nane," alisema Pamela hatimaye.

"Kumi na nane."

"Miaka yote alikuwa anasema kumi na tisa. Kumi na tisa, kumi na tisa, kila aliyepita hapa. Boksi nililifungua, lakini chupa alininyang'anya kabla sijazigeuza. Alisema nitaziangusha."

"Na usiku ule ulipomfungulia? Hukusoma?"

"Nilikuwa na haraka."

"Iko wapi?"

"Chooni. Niliivunja kwanza."

Tito akafumba macho. Alijua ni nani atakayeshika taa na ndoano kule chooni.

"Ulimwambiaje mpaka akavua ufunguo?" Mektrida aliuliza. "Alisema ataifungua siku ya kumkabidhi Jackson."

"Nilimwambia Jackson kapiga simu, kesho anakuja kupokea." Pamela alikuwa akisawazisha kitambaa cha meza, pembe hii, pembe ile. "Alifurahi, dada. Akaniomba nimletee glasi mbili zile za harusi yake. Akanimiminia na mimi, mwenyewe. Nilimwogesha miaka tisa. Ile ndiyo mara ya kwanza baba yangu ananimiminia kitu, na alikuwa anafurahia mtu mwingine. Nikamwambia nenda kwanza kavae koti, siku kubwa hii. Akaenda kuvaa koti."

Hapo ndipo alipotia sumu. Hakusema, na Mektrida alingoja aseme, kalamu juu ya karatasi.

"Andika," Pamela akasema. "Ndipo nilipotia."

"Na Yuditha?"

Pamela akakiacha kitambaa. "Nilidhani watasema ni uzee. Ana miaka themanini na mbili! Nani anampasua mzee wa miaka themanini na mbili? Ni Jackson aliyetaka apasuliwe, kwa ajili ya karatasi za bima. Mlipoanza kuuliza, mama Yuditha alikuwa ameshasimama pale na kidumu chake."

"Na wewe ukaosha kata."

"Kata naliosha kila siku."

Jackson alikuwa amesimama dirishani, hakuna aliyejua tangu lini. Alivua miwani. Alimtazama dada yake, akaangalia chupa, akaangalia kabati lililobaki wazi. Kila mtu alingoja alie au atukane.

"Afande," alisema, "hii nyumba mtaizuia muda gani? Maana wale jamaa wametoka mbali."

Pamela akanyoosha mikono apigwe pingu. Njiani kuelekea kwenye gari alisimama mara moja, akamwambia Tito kwamba ng'ombe hajakamuliwa, na kwamba akikamuliwa na mgeni hupiga teke.

Saa kumi na moja jioni Mektrida alimfungulia Yuditha mlango mwenyewe. Alimpa viatu vyake, mkanda wa sketi na elfu mbili zilizokuwa kwenye pindo la khanga. Akamweleza kila kitu, bila kuzunguka, na mwisho akasema neno ambalo vitabu vya polisi havina: "Nisamehe, mama Yuditha. Nilikosea."

Yuditha alisikiliza akiwa anavaa viatu. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka sitini na kitu, vidole vimepauka kwa ulezi.

"Pamela?" aliuliza.

"Pamela."

"Nilimbeba mgongoni mama yake alipofariki." Akafunga kamba ya kiatu cha pili. "Na wewe ukanikamata."

"Ndiyo."

"Siku ya soko."

"Ndiyo, mama."

"Mlikuja na gari lenye king'ora. Mwika nzima ilitoka. Wanawake waliokuwa wananunua mbege yangu walimwaga vikombe chini, mbele yangu. Mmoja alijitia vidole kooni atapike." Hakupandisha sauti. "Sasa narudije?"

Mektrida akatazama mlangoni. Tito aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti. "Nauli ya mpaka nyumbani, mama. Na chenji utanywa soda Himo."

Yuditha hakuipokea. Alitembea mpaka kwenye benchi la wageni, pale ukutani chini ya bango la kupinga rushwa, akaketi, akatandaza khanga magotini.

"Nirudisheni mlivyonileta," alisema. "Gari lile lile. King'ora kile kile. Soko ni kesho kutwa, nitangoja."

"Mama, king'ora hakipigwi kwa kumrudisha mtu," Tito alisema kwa upole. "Hakuna utaratibu huo."

"Wa kunichukua ulikuwepo?"

Mkuu wa kituo, aliyekuwa akipita na ufunguo wa gari mkononi, aliuliza kuna nini. Akaelezwa. Akacheka kidogo, akasema mafuta ya mwezi yamekwisha, na kwamba mwananchi akishaachiwa huru hana kazi kituoni, asindikizwe getini.

Mektrida hakumsindikiza. Alikwenda mezani kwake, akavua kofia ya kazi, akaiweka juu ya faili, akarudi na kuketi kwenye benchi, kando ya Yuditha.

"Nawe unangoja nini?" Yuditha alimuuliza.

"Soko."

Yuditha alimwangalia toka kichwani mpaka kwenye viatu. Kisha akasogea, akaweka nafasi ya mkono mmoja kati yao.

"Kaa huko," alisema. "Usiniguse."